Kilo ishirini na tatu kabla ya harusi: kisa cha mama mmoja wa Kisumu

Kila mwaka kuanzia mwezi wa tisa, kliniki ya lishe ninayofanyia kazi hapa Kisumu hupokea watu wenye tarehe. Mmoja ana harusi ya Desemba, mwingine anatarajia wageni kutoka ng'ambo, mwingine atapigwa picha za mahafali ya mtoto. Wanaingia wakiwa na hesabu tayari: kilo kadhaa, wiki kadhaa. Wanachotaka kwetu ni orodha ya chakula tu.

Mama ninayemweleza hapa alikuwa mmoja wao. Jina, mtaa, soko analofanyia biashara na mambo mengine madogo yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa au kuyabadilisha, na mwenyewe ameridhia kisa kiandikwe. Nitamwita Mama Adhis. Nimekichagua kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo naona linasahaulika hata na sisi wahudumu: mpango wa kupunguza uzito unahitaji kikomo cha juu cha kasi, kilichoandikwa na kukubaliwa mapema, kama vile unavyohitaji lengo.

Hali yake kabla ya kuanza

Mama Adhis ana umri wa miaka 49 na anauza nguo za mitumba. Urefu wake ni mita 1.61. Kadi yake ya kliniki ya kisukari ilionyesha kwamba mwezi wa nane alikuwa na kilo 98, maana yake uwiano wa uzito na urefu wake (BMI) ulikuwa karibu 38. Shirika la Afya Duniani huhesabu unene wa kupindukia kuanzia 30. Hayuko peke yake katika hilo: uchunguzi wa kitaifa wa STEPwise wa mwaka 2015 uliona kwamba karibu wanawake wanne kati ya kumi nchini Kenya walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia.

Alikuwa na kisukari kwa miaka sita na presha kwa miaka minne. Kila siku alimeza dawa mbili za kisukari, metformin, na glibenclamide asubuhi na jioni, pamoja na amlodipine ya presha, na dawa nyingine ya presha ya aina ile inayomfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Nawaomba wasomaji waikumbuke orodha hii ya dawa, kwa kuwa hatari iliyotokea ilianzia hapo.

Nyumbani wanaishi watu watano. Mpishi wa jioni ni binti wa dada yake, kwa kuwa yeye hurudi kutoka sokoni saa moja au mbili usiku. Sokoni hunywa chai ya maziwa mara nne kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari, na mandazi mawili asubuhi. Chakula kizito ni cha usiku: ugali, samaki wa kukaanga au omena, na mboga za kienyeji kama osuga na dek.

Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi ya pili ya Desemba. Mama alishampelekea fundi kitenge na kumwambia ashone gauni la mtu wa kilo 75, kwa vipimo vya gauni lake la zamani. Kutoka 98 hadi 75 ni kilo 23.

Wiki mbili za kabichi

Kabla hajatufikia, alikuwa ameanza mwenyewe. Mtu wa kikundi chake cha WhatsApp alituma mpango: maji ya ndimu asubuhi, kabichi iliyochemshwa mchana na usiku, yai moja, chai ya rangi bila sukari. Aliufuata kwa nidhamu kubwa, na hilo lazima lisemwe, kwa kuwa watu wengi husema wanene hawana bidii. Kwa makadirio yetu alikuwa anapata chini ya kilokalori 700 kwa siku. Baada ya siku kumi na nne mizani ilionyesha kilo 92. Kilo sita zilikuwa zimetoka, na sokoni walimsifu.

Dawa zake alizimeza kama kawaida. Hakuna aliyemwambia vinginevyo, na mpango ule wa WhatsApp haukuwa na neno lolote kuhusu dawa.

Siku ya kumi na tano, kama saa tano asubuhi, alianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, akawa anampa mteja chenji isiyoeleweka, kisha akakaa chini na kujibu maswali kama mtu anayeota. Jirani yake wa kibanda ana mama mwenye kisukari, akaijua dalili. Kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza, alimnywesha soda ya sukari, kisha wakampeleka duka la dawa lililo karibu. Hata baada ya soda sukari ilisoma 3.4 mmol/L. Chini ya 3.9 tayari ni sukari iliyoshuka.

Walimpeleka hospitali, akalazwa hadi kesho yake. Yeye aliona ni kupoteza muda kwa sababu alishajisikia vizuri, lakini hospitali ilifanya sawa. Glibenclamide hukaa mwilini muda mrefu, na sukari iliyopandishwa kwa soda inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye, pengine usiku mtu akiwa amelala.

Hospitali ndiyo iliyomtuma kwetu. Alipofika maneno yake ya kwanza yalikuwa: "Daktari, nimebakiza kilo kumi na saba tu, na wiki kumi na mbili. Nipangie chakula kisichoangusha mtu."

Uamuzi wa kwanza ulihusu dawa

Hatukuzungumza chakula siku hiyo mpaka tabibu alipomaliza. Presha yake ilikuwa 108 kwa 68, na akisimama ghafla aliona kizunguzungu. Tabibu aliondoa glibenclamide na ile dawa ya kutoa maji, akaacha metformin na amlodipine, akaagiza vipimo vya figo na chumvi za damu pamoja na kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Hicho kilirudi asilimia 8.1.

Sababu ya kuondoa glibenclamide ni hii. Dawa hiyo hulikamua kongosho litoe insulini, chakula kiwepo kisiwepo. Mtu anayekula ugali wa kutosha anaweza kuihimili. Mtu huyohuyo akianza kula kabichi tupu, insulini ile inakosa sukari ya kushughulikia, na sukari ya damu inaporomoka. Metformin ikiwa peke yake ni nadra kufanya hivyo. Dawa ya kutoa maji nayo ilikuwa inakausha mwili ambao tayari ulikuwa unapoteza maji kwa sababu ya mlo wenyewe.

Mtu yeyote anayetumia dawa za kisukari au presha na anataka kupunguza chakula aanze kwa aliyemwandikia dawa. Asiache kidonge chochote kwa uamuzi wake mwenyewe, na pia asianze mlo mpya huku dawa zikibaki vilevile.

Uamuzi wa pili: zile kilo sita zilikuwa nini

Ilibidi tuzungumzie kilo sita kabla ya kuweka lengo, kwa sababu ndizo zilizompa imani kwamba kilo mbili au tatu kwa wiki zinawezekana. Tulikaa na karatasi na kalamu.

Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kilokalori 7,700. Kwa uzito wake, umri wake na kazi yake ya kusimama, tulikadiria kwamba mwili wake hutumia kama kilokalori 2,300 kwa siku. Hata kama angefunga kabisa siku kumi na nne asile chochote, pengo lingekuwa kilokalori 32,200, yaani kilo nne na kidogo za mafuta. Na yeye alikuwa anakula. Kwa kilokalori 700 kwa siku, mafuta yasingeweza kuzidi kilo tatu.

Zilizobaki zilikuwa hasa maji. Mwili huhifadhi akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika kama gramu tatu za maji. Wanga ukikatwa ghafla, akiba huisha na maji yake huondoka. Chumvi nayo ilikuwa imepungua kwa kuwa kabichi haikuwa na mchuzi, utumbo ulikuwa karibu mtupu, na kulikuwa na dawa ya kukojoa. Kisha kuna msuli: anayekula protini kidogo kiasi kile hupoteza nyama ya mwili pamoja na mafuta.

Baada ya hapo tulimwambia jambo gumu. Akianza kula vizuri, mizani itapanda, pengine kilo mbili au tatu katika wiki mbili za kwanza, na kupanda huko hakutakuwa mafuta. Tulilisema kabla halijatokea. Lilipotokea, akasimama kwenye mizani na kuona 94.5, alinyamaza kisha akasema, "Uliniambia." Nina hakika kwamba bila onyo hilo tusingemwona tena.

Kilo 94.5 ikawa ndiyo namba ya kuanzia. Ile 92 tuliikata kwenye kadi kwa mstari.

Uamuzi wa tatu: kasi

Kilo 17 kwa wiki 12 ni karibu kilo moja na nusu kila wiki. Kwa hesabu ileile ya karatasi, angehitaji pengo la zaidi ya kilokalori 1,500 kwa siku, abaki na kama 750 za kula. Mlo wa chini ya kilokalori 800 upo katika tiba, lakini hutolewa kwa uangalizi wa karibu wa daktari, kwa bidhaa zilizotengenezwa zikiwa na protini na vitamini za kutosha, na kwa muda maalumu. Mtu wa sokoni hawezi kuufanya kwa kabichi na ndimu.

Kulikuwa na sababu nyingine. Uzito ukishuka kwa zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, hatari ya kupata mawe kwenye kifuko cha nyongo huongezeka, na mwanamke mnene aliyevuka miaka arobaini tayari yuko kwenye kundi la hatari. Mwili unapoyeyusha mafuta upesi, ini humwaga kolesteroli nyingi zaidi kwenye nyongo. Na kama mtu hali mafuta kabisa, kifuko hakijikamui, nyongo inatuama.

Tulikubaliana hivi. Lengo la kawaida ni nusu kilo kwa wiki, akipimwa kila wiki mbili kwenye mizani ya kliniki peke yake. Kikomo cha chini hakikuwepo: wiki ambayo uzito haukushuka ingehesabiwa kuwa wiki ya kawaida. Kikomo cha juu kilikuwepo, na niliandika kwa wino mwekundu: zaidi ya kilo mbili kati ya ziara moja na nyingine, tunasimama na kutafuta sababu. Sifa baadaye.

Lengo la kwanza likawa kilo 91, yaani asilimia saba ya zile 98 za mwanzo. Asilimia saba ina ushahidi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari uliochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa karibu kupata kisukari walilenga kupunguza asilimia saba ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, na idadi ya waliopata ugonjwa ilipungua kwa asilimia 58. Mama Adhis tayari alikuwa na kisukari, kwa hiyo namba ile ya 58 haimhusu moja kwa moja, lakini kilo chache kama hizo husaidia pia sukari na presha za aliyekwisha kuugua. Nilitaka aone kwamba 91 ni namba yenye heshima yake, hata kama haingii kwenye lile gauni.

"Daktari, mimi nimetoa sita kwa wiki mbili, wewe unanipa nusu?" alisema. Nikamjibu, "Mama, nusu hii ni ya mafuta, na utaitoa ukiwa umesimama kibandani kwako."

Hakufurahi. Alikubali kwa sababu ya ile siku ya sokoni. Bado ilikuwa inamtisha.

Kuhusu gauni, tuliomba ampigie fundi simu palepale. Bahati nzuri kitambaa kilikuwa hakijakatwa. Fundi alikubali kupima wiki tatu kabla ya harusi na kuacha akiba pana kwenye mishono ya pembeni. Simu hiyo ya dakika mbili iliondoa presha kubwa kuliko mazungumzo yote niliyokuwa nimefanya.

Chakula kilikopunguzwa

Hatukuondoa ugali. Kwa familia hii mlo bila ugali haujahesabiwa kuwa mlo, na mpango unaoanza kwa kumtenga mama na sahani ya familia yake hufa mapema. Tulitafuta kilokalori kama 500 kwa siku mahali ambapo hazitaonekana sana.

Mahali pa kwanza palikuwa mafuta ya kupikia. Walitumia lita moja kila siku nne. Lita moja ina zaidi ya kilokalori 8,000. Gawa kwa siku nne na watu watano, kila mtu anameza karibu 400 kwa siku bila kuona. Samaki akipikwa mchuzi badala ya kuzamishwa kwenye mafuta, na omena zikikaangwa kwa kijiko kimoja na nyanya nyingi, lita ileile inaweza kufika siku nane. Hapo zimepatikana 200.

Sukari ya chai ilitoka vijiko kumi na viwili kwa siku hadi vinne. Hiyo ni kama 130. Ugali ulipungua kwa kiasi cha gramu 60 za unga mkavu, karibu 200 nyingine, na nafasi yake kwenye sahani ikajazwa na mboga za kienyeji zilizoongezwa mara mbili. Mandazi mawili ya asubuhi yalibaki moja na yai la kuchemsha.

Protini tuliiongeza kwa makusudi: omena, samaki, maharagwe, ndengu, mayai. Ni kinga ya msuli. Kwa sababu hiyohiyo tulimpa zoezi la kuinuka na kuketi kwenye kiti bila kujishika, mara kumi, akirudia mara tatu kwa siku anapokuwa hana wateja.

Yaliyotokea, wiki kwa wiki

Wiki nne za kwanza baada ya 94.5 zilishuka vizuri, akafika 92.4. Wiki ya nane alikuwa 91.6. Sukari ya asubuhi, iliyopanda kidogo dawa moja ilipoondolewa, ilianza kutulia, na tabibu akaongeza metformin polepole.

Wiki ya kumi mizani ilisoma 88.9. Kilo 2.7 kwa wiki mbili.

Muuguzi aliyempima alianza kupiga makofi, kisha akaona wino mwekundu kwenye kadi akaniita. Mama Adhis mwenyewe alikuwa anatabasamu. Tulimketisha, tukamuuliza taratibu, na ikachukua muda. Harusi ilikuwa imebakiza wiki mbili. Alikuwa ameacha chakula cha usiku, na kuna mwanamke aliyemuuzia majani ya chai ya kupunguza tumbo. Aliyatoa kwenye mkoba: sanamaki. Hayo ni majani ya kuharisha. Yanatoa maji na potasiamu, na mafuta ya mwili hayayagusi hata kidogo. Kwa mtu mwenye kisukari na presha, potasiamu ikishuka moyo unaweza kuyumba.

Hakukaripiwa. Tulipima chumvi za damu siku hiyohiyo, zikawa sawa. Aliyaacha majani, akarudia chakula cha jioni, na wiki iliyofuata alikuwa 90.3. Siku chache kabla ya harusi alipima kilo 90 kamili. Gauni lilimkaa, kwa kuwa lilishonwa kwa mwili aliokuwa nao.

Baada ya harusi alifumua nywele zake, zikawa zinatoka kwa mafungu kwenye kitana. Alikuja akiwa na hasira: "Huu mpango wenu unaninyonyoa." Lakini nywele hujibu kwa kuchelewa. Mwili ukishtuliwa na njaa kali, nywele nyingi huingia kwenye hatua ya kupumzika kwa pamoja, kisha hudondoka miezi miwili au mitatu baadaye. Zile za Desemba zilikuwa za kabichi ya Septemba. Kufikia mwezi wa sita zilikuwa zimerudi.

Januari alikuwa 91.2. Februari na Machi alienda mashambani wikendi kadhaa kwa matanga, kule ambako mtu hukaa siku mbili akila wali, nyama na soda na hawezi kukataa sahani ya wenye msiba. Uzito haukusogea kwa wiki tano. Kwenye kadi tuliandika "umetulia", tukasonga mbele.

Baada ya mwaka

Mwaka mmoja tangu afike kwetu alikuwa na kilo 86.3. Kutoka 98 hiyo ni karibu asilimia 12. Wastani wa sukari wa miezi mitatu ulikuwa 6.7, kwa metformin peke yake. Presha ilikuwa 128 kwa 78 kwa amlodipine tu. Sukari haikuwahi kumshuka tena.

Naomba msomaji aangalie kasi halisi. Kutoka 94.5 hadi 86.3 ni kilo 8.2 kwa wiki 50, yaani gramu 160 kwa wiki. Ni theluthi ya ile nusu kilo tuliyoiita lengo, na kwa macho yangu kisa hiki kilifaulu. Nusu kilo kwa wiki ni kasi ya miezi ya mwanzo. Mwili ukishapungua, unatumia nishati kidogo kuliko awali, njaa inaongezeka, na katikati kuna Krismasi, misiba na karo za shule. Anayeahidiwa nusu kilo kila wiki kwa mwaka mzima amewekewa kilo 26, na mwezi wa tano atajiona ameshindwa wakati hajashindwa.

Kilichosaidia

Kikomo cha juu kilileta faida kubwa kuliko yote. Kliniki nyingi zingempongeza wiki ya kumi, naye angeendelea na sanamaki hadi harusini. Kwa kuwa kikomo kilikuwa kimeandikwa tangu mwanzo, swali "umefanya nini?" halikusikika kama shutuma. Lilikuwa sehemu ya makubaliano.

Kutabiri mabaya mapema kulisaidia pia. Kilo zilizorudi wiki ya pili zingeweza kuvunja kila kitu, lakini alizitarajia. Nywele hazikutabiriwa, na ndizo zilizoleta ugomvi wa pekee wa mwaka mzima. Sasa kila anayetufikia akitokea kwenye mlo wa njaa huambiwa habari ya nywele siku ya kwanza.

Na kutenganisha tarehe na uzito. Harusi haikuweza kusogezwa, lakini gauni liliweza. Ninapokutana na mtu mwenye tarehe, nauliza ni kitu gani hasa kinachotakiwa kuwa tayari siku hiyo. Mara nyingi ni nguo, au picha, au ulimi wa shangazi fulani. Kwa kila kimoja kuna njia nyingine kuliko kuukimbiza mwili.

Kilichokwama

Daftari la chakula halikuandikwa hata wiki moja. Muuza mitumba hana mkono wa kuandika kati ya wateja. Picha za sahani kwa simu zilifanya kazi zaidi, ingawa naye alipiga picha za sahani nzuri tu.

Matembezi ya asubuhi yalifia kwenye karatasi. Saa kumi na mbili alishakuwa njiani kufuata marobota, na kuanzia saa sita jua la Kisumu halimruhusu mtu mwenye presha kutembea kwa kasi. Kilichodumu ni kushuka kwenye matatu vituo viwili kabla ya nyumbani jioni, kama dakika 25, siku nne au tano kwa wiki. Hazifiki 150 za pendekezo la Shirika la Afya Duniani kila wiki, lakini hata mwaka ulipoisha alikuwa bado anazitembea.

Mizani za barabarani zilimsumbua sana. Alipanda kila alipopita kituoni, kila mizani ikasema lake, na tofauti ya kilo mbili kati ya mizani mbili ikamharibia siku nzima. Tulimwomba aache, aliacha kwa muda, akarudia karibu na harusi.

Na mpishi alihusishwa kwa kuchelewa. Wiki tatu za mwanzo tulimweleza Mama Adhis habari za mafuta ya kupikia, wakati mwenye chupa mkononi alikuwa binti wa dada yake. Alipokuja mwenyewe kliniki, alielewa kwa kikao kimoja, na ndipo lita ikaanza kufika siku nane.

Hatua inayofuata

Alipotimiza mwaka aliuliza kama sasa anaweza kulenga 80. Tabibu nami tulipendekeza miezi sita ya kushikilia palepale, kati ya kilo 85 na 88, dawa zikipitiwa upya kila miezi mitatu, kabla ya kuamua kama kuna haja ya kushuka tena. Amekubali miezi minne. Kadi mpya ina mstari mwekundu wa juu na wa chini, na safari hii binti wa dada yake amepewa nakala.